Lotte Reiniger: Mkasi, Kivuli na Ngano

Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili anapokutana na anwani Alfu Lela Ulela, aghalabu huwaza kuhusu kitabu, tafsiri, na pengine kuhusu mapito marefu ya ngano kutoka Uajemi na Uarabuni hadi kwenye masimulizi ya pwani yetu. Ni nadra kuwaza kuhusu sinema. Hata hivyo, filamu ndefu ya uhuishaji iliyo kongwe zaidi kati ya zile ambazo bado zipo duniani ilisukwa kutokana na ngano hizo hizo, na aliyeisuka ni mwanamke aliyeianza akiwa na umri wa miaka 24, juu ya gereji ya gari mjini Potsdam nchini Ujerumani, mkasi ukiwa ndicho chombo chake kikuu. Mwanamke huyo ni Lotte Reiniger. Makala hii inanuia kuyasimulia maisha yake na kuzipima kazi zake kwa jicho la msomaji wa fasihi. Swali linaloniongoza ni moja, nalo si jepesi: je, tumweke wapi msanii aliyekamilisha kazi yake kubwa kabisa akiwa na miaka 26, kisha akaishi miaka mingine 55 bila kupata fursa ya kutengeneza filamu ya pili ya aina hiyo na ya urefu huo?

Alizaliwa tarehe 2 Juni 1899 huko Charlottenburg, mji ambao baadaye ulimezwa na jiji la Berlin. Tangu utotoni alikuwa na wepesi wa ajabu wa kukata karatasi. Alikata maumbo ya watu na wanyama bila kuyachora kwanza, akajitengenezea jukwaa dogo la vivuli nyumbani na kuwaigizia jamaa na marafiki michezo. Inafaa ieleweke kwamba ukataji huu haukuwa kioja katika Ulaya ya wakati ule. Kabla kamera haijavumbuliwa, mtu ambaye hakuwa na uwezo wa kumlipa mchoraji aliridhika na picha nyeusi ya upande wa uso wake iliyokatwa kwa karatasi. Jina la Kifaransa la picha hizo lenyewe latokana na Étienne de Silhouette, waziri wa fedha wa Ufaransa wa mwaka 1759 ambaye alivuma kwa ubahili. Ilikuwa, basi, sanaa ya wasio na kitu, na pia sanaa ya wanawake na watoto majumbani, iliyohesabiwa kuwa mchezo wa kupitisha muda. Reiniger hakuiacha sanaa hiyo ili atafute nyingine yenye hadhi kubwa zaidi. Aliishikilia hiyo hiyo maisha yake yote.

Mapenzi yake ya pili yalikuwa sinema. Alivutiwa na filamu za Mfaransa Georges Méliès, zilizojaa mazingaombwe, kisha na zile za mwigizaji na mwelekezi wa Kijerumani Paul Wegener. Mwaka 1915 alihudhuria mhadhara wa Wegener kuhusu uwezo wa filamu kuonyesha mambo ya kifantasia, na tangu siku hiyo akakusudia kumfikia bwana huyo kwa vyovyote vile. Aliwashawishi wazazi wake wamruhusu kujiunga na shule ya uigizaji ya Max Reinhardt, mahali ambapo Wegener alikuwa akifanya kazi. Huko, badala ya kungoja apewe nafasi ya kuigiza, alikaa nyuma ya jukwaa akiwakata waigizaji kwa karatasi wakiwa katika mikao ya majukumu yao. Waigizaji, kama ilivyo desturi yao kila mahali, walifurahi kujiona. Naye Wegener alimwona.

Kazi ya kwanza aliyopewa na Wegener ilikuwa kukata picha za vivuli za kupamba maandishi ya filamu. Katika filamu kuhusu mpiga filimbi wa Hameln, iliyotoka mwaka 1918, lilizuka tatizo. Ngano yenyewe inahitaji kundi kubwa la panya wanaomfuata mpiga filimbi, lakini wanyama halisi hawakukubali kuelekezwa. Ikabidi watengenezwe panya wa mbao, wasogezwe kidogo kidogo na kupigwa picha moja baada ya nyingine. Reiniger alikuwa miongoni mwa waliowasogeza panya hao. Huo ndio uhuishaji wenyewe: kitu kisicho na uhai hupigwa picha, kikasogezwa unywele mmoja, kikapigwa picha tena, hadi picha hizo zikipitishwa kwa kasi jicho linaamini kwamba kitu hicho kinatembea.

Wegener alimjulisha kwa kikundi cha vijana waliokuwa wakifungua studio ya majaribio chini ya Taasisi ya Utafiti wa Utamaduni mjini Berlin, iliyosimamiwa na Hans Cürlis. Huko ndiko alikotengeneza filamu yake ya kwanza mwaka 1919, kisa kifupi cha wapenzi wawili na pambo linalogeuka umbo kufuatana na hisia zao. Huko ndiko pia alikokutana na Carl Koch, ambaye walifunga ndoa mwaka 1921. Koch aliishika kamera, akasimamia hesabu na mitambo, na kwa miaka zaidi ya 40 akawa nusu ya pili ya kila alichokifanya mkewe. Historia nyingi za sanaa huandikwa kuhusu wake waliofichwa na sifa za waume wao. Hapa mambo yalikuwa kinyume, na kwa kadiri tunavyoweza kuona Koch hakulalamika.

Ni vyema tusimame kidogo kwenye ufundi wenyewe, maana ndimo ulimo upekee wa Reiniger. Vikaragosi vyake vilikatwa kutoka kadibodi nyeusi pamoja na madini ya risasi yaliyofanywa mabamba membamba, ili vilale bapa na visipeperuke. Kila kikaragosi kilikuwa na viungo vilivyokatwa mbalimbali: kichwa, shingo, kiwiliwili, nyonga, mapaja, miguu, mikono na viganja, vyote vikiunganishwa kwa vipande vidogo vya waya. Vikaragosi viliwekwa juu ya meza ya kioo iliyomulikwa kutoka chini, na kamera ikaning'inizwa juu ikitazama chini. Mandhari zilikatwa kwa karatasi laini zilizopachikwa tabaka juu ya tabaka, hivyo kwamba palipo na tabaka nyingi pakawa na giza na palipo na moja pakawa na nuru. Mhusika alipohitajika kuonekana kwa karibu, ilibidi akatwe upya akiwa mkubwa. Waliomwona akifanya kazi wanasimulia kwamba aliushika mkasi ukiwa karibu kutulia katika mkono wa kulia, huku mkono wa kushoto ukiizungusha karatasi ndani ya meno ya mkasi.

Kivuli hakina macho ya kulia wala midomo ya kutabasamu. Mhusika wa Reiniger hana uso wa kutusomea hisia zake. Ana mstari wa nje tu. Kwa hiyo huzuni humkalia shingoni, hasira mabegani, na aibu katika namna anavyogeuza kiganja. Wale kati yetu waliowahi kumtazama fanani hodari wa ngano akitamba katika mwanga hafifu wa moto wa jioni watalitambua jambo hili upesi: uso haukuonekana vizuri, lakini mkono ulipoinuka hadhira yote ilijua kwamba zimwi limefika. Kwa maoni yangu, Reiniger yuko karibu zaidi na fanani huyo kuliko alivyo karibu na mchoraji wa vibonzo.

Filamu yake ya Cinderella, iliyotoka mwaka 1922, inaanza kwa mikono na mkasi vikimkata mhusika mbele ya macho yetu. Anatuonyesha kwamba hiki ni karatasi tu, kisha anatufanya tusahau. Mhakiki wa siku hizi angeliita jambo hilo ubunilizi unaojirejelea, akaliandikia tasnifu. Reiniger alilifanya katika dakika moja, akaendelea na hadithi.

Fursa kubwa ilikuja kwa njia ya msukosuko wa uchumi. Mwaka 1923 mfumko wa bei Ujerumani ulikuwa umefikia kiwango ambacho mwezi Novemba dola 1 ya Marekani ilibadilishwa kwa marki trilioni 4.2. Mwenye benki mmoja, Louis Hagen, alikuwa amenunua shehena ya ukanda mbichi wa filamu ili mali yake isiyeyuke pamoja na fedha. Alikwisha kuiona kazi ya Reiniger, akamwuliza kama angeweza kutengeneza filamu ndefu. Wakati huo filamu za uhuishaji zilikuwa vichekesho vya dakika chache, na wenye majumba ya sinema hawakuamini kwamba hadhira ingevumilia zaidi ya hapo. Ni kweli kwamba Quirino Cristiani alikuwa ametengeneza filamu ndefu ya aina hiyo nchini Argentina mwaka 1917, lakini nakala zake zimepotea. Hagen alitoa nafasi juu ya gereji karibu na nyumba yake huko Potsdam. Dari ilikuwa fupi mno, na kazi ikawabidi kuifanya wakiwa wamebanana chini ya paa.

Kazi ilichukua miaka 3, kuanzia 1923 hadi 1926. Inakadiriwa kwamba picha 250,000 hivi zilipigwa, na takriban 96,000 kati ya hizo zikaingia katika filamu yenyewe, ambayo ni ya dakika 65 hivi. Pamoja na Reiniger na Koch walikuwapo Walter Ruttmann, Berthold Bartosch, Walter Türck na Alexander Kardan. Ruttmann tayari alikuwa na jina kwa filamu zake za maumbo tupu yasiyosimulia chochote, naye ndiye aliyeunda moshi, miali na mazingaombwe ya filamu hiyo, akitumia kati ya mambo mengine mashine ya kukata nta iliyobuniwa na Oskar Fischinger. Bartosch alitengeneza mawimbi ya bahari. Wolfgang Zeller alitunga muziki sambamba na upigaji wa picha, si baada yake.

Inasimuliwa kwamba Ruttmann aliwahi kumwuliza Reiniger ngano hizi zina uhusiano gani na mwaka 1923. Lilikuwa swali la haki. Nje ya studio watu walikuwa wakibeba noti kwa mikoba kwenda kununua mkate, na ndani yake watu wazima sita walikuwa wakimsogeza mwanamfalme wa karatasi. Jibu la Reiniger, kwa muhtasari, lilikuwa kwamba uhusiano pekee ni yeye mwenyewe kuwa hai wakati huo na kupata nafasi ya kufanya anachokiweza. Swali hilo tunalisikia hata leo katika madarasa yetu, pale ambapo mwanafunzi anayetaka kutafiti ngano huulizwa ngano zina faida gani kwa taifa. Sidhani kwamba Reiniger alilikwepa. Alikataa tu dhana kwamba sanaa ya majaribio lazima iitupe hadithi ili ionekane ya kisasa. Ruttmann na wenzake walijaribu kwa kuondoa hadithi. Yeye alijaribu kwa kuingiza hadithi kongwe katika chombo kipya.

Filamu hiyo ilipewa jina Die Abenteuer des Prinzen Achmed, yaani Visa vya Mwanamfalme Achmed. Msuko wake umechota kutoka ngano mbalimbali za Alfu Lela Ulela. Mchawi anamletea khalifa farasi arukaye, na badala ya fedha anadai binti wa khalifa, Dinarsade. Nduguye, Achmed, anapinga, lakini anadanganywa apande farasi bila kujua namna ya kumshusha. Anarushwa hadi visiwa vya Wak-Wak, ambako anamwona Pari Banu, malkia wa nchi ya majini, akioga ziwani baada ya kuvua vazi lake la manyoya. Anampenda, anampoteza, anamtafuta hadi Uchina, anakutana na Aladdin, na hatimaye Ajuza wa Mlima wa Moto anapambana na mchawi katika vita vya kugeuka maumbo.

Jina Wak-Wak si geni katika historia ya pwani yetu. Al-Mas'udi, msafiri Mwarabu aliyefika kisiwa cha Qanbalu mwaka 916, aliitaja nchi ya Waqwaq pamoja na Sofala kama mwisho wa nchi ya Zanj. Wanahistoria wamebishana sana kuhusu mahali hapo: wapo wanaopatafuta Madagascar, wapo wanaopatafuta mashariki ya mbali kabisa. Kinachotuhusu hapa ni kwamba nchi ya majini aliyoikata Reiniger kwa karatasi ina jina ambalo mabaharia wa Bahari ya Hindi walilihusisha na upande wetu wa dunia. Sisi tunaoitwa wasomaji wa mbali wa filamu hiyo, kwa namna fulani tulikuwa ndani ya ramani yake.

Humo humo ndani ya ramani ndimo limo tatizo. Mchawi mwovu wa filamu anatambulishwa kuwa Mwafrika. Chanzo kinajulikana: katika kisa cha Aladdin, kama Mfaransa Antoine Galland alivyokiandika baada ya kusimuliwa na Hanna Diyab wa Aleppo mwaka 1709, mchawi anatoka Maghrib, na lugha za Ulaya zikamfanya kuwa mchawi wa Afrika. Reiniger alilipokea jina hilo bila kulihoji. Akamkatia mchawi vidole kama kucha za ndege, pua kama mundu na mgongo uliopinda, huku Achmed akipewa mstari mwembamba wa kupendeza. Kwa kuwa katika sanaa ya vivuli wahusika wote ni weusi, tofauti ya wema na ubaya hubebwa na umbo peke yake, na umbo hilo lina historia yake ya chuki. Mhakiki wa Kiafrika hawezi kulipita jambo hili kimyakimya. Wala halitatuliwi kwa kusema kwamba ilikuwa ni zamani. Hali kadhalika, mwaka 1928 Reiniger alitengeneza filamu tatu fupi kutokana na kitabu cha Hugh Lofting kuhusu daktari Dolittle anayesafiri hadi Afrika kuwatibu nyani. Kitabu hicho kilikuwa na picha za Waafrika za kudhalilisha kiasi kwamba wachapishaji wa baadaye waliona haya na kukifanyia mabadiliko. Hapana budi tuzisome kazi hizi tukiwa na macho mawili, moja la kustaajabia ufundi na jingine la kuuliza ufundi huo umemtumikia nani.

Filamu ya Achmed ilionyeshwa mara ya kwanza tarehe 2 Mei 1926 katika ukumbi wa Volksbühne mjini Berlin. Hakuna jumba la sinema la biashara lililokuwa limekubali kuichukua, hivyo wenyewe walijikodia ukumbi wa mchezo wa kuigiza, wakawaalika waandishi wa habari na wasanii. Mwelekezi Fritz Lang alikuwa miongoni mwa waliohudhuria. Miezi michache baadaye ilionyeshwa Paris, kwa msaada wa Jean Renoir, ambaye alikuja kuwa rafiki wa kudumu wa familia hiyo. Paris iliipokea kwa shangwe, na mafanikio ya huko ndiyo yaliyoirudisha Ujerumani ikiwa na heshima.

Baada ya hapo mkondo ulibadilika. Filamu ya kawaida yenye waigizaji halisi aliyoitengeneza pamoja na Rochus Gliese kuhusu maisha ya watu wa maonyesho ya vivuli ilikamilika wakati sinema ya sauti ilipokuwa imevamia soko. Iliongezewa sauti kwa haraka na vibaya, ikaanguka. Reiniger akarudi kwenye kazi fupi. Ujio wa sauti, uliowaangamiza wengi, kwake ulikuwa neema kwa upande mmoja: sasa aliweza kuvifanya vivuli vicheze sawasawa na muziki. Kati ya 1930 na 1935 alitengeneza mfululizo wa filamu za dakika 10 hivi kutokana na Mozart, Bizet na watunzi wengine. Mbili zinastahili kutajwa. Papageno, ya mwaka 1935, ina ndege wanaotua na kuruka kwa wepesi ambao hadi leo wahuishaji huurudia kuutazama. Na Carmen, ya mwaka 1933, inafanya jambo ambalo wahakiki wa ufeministi wangelifurahia: mwanamke ambaye katika opera ya Bizet huuawa na mpenzi wake, hapa anaingia uwanjani, anamtuliza fahali na kuondoka mshindi. Reiniger hakuwa mtu wa matangazo ya kisiasa, ila mkasi wake ulijua ukate wapi.

Mwaka huo huo wa 1933 Hitler alitwaa madaraka. Reiniger na Koch hawakuwa Wayahudi, lakini marafiki wao wengi walikuwa Wayahudi au watu wa mrengo wa kushoto, na wao wenyewe hawakutaka lolote na utawala ule. Familia ya Hagen ilisambaratishwa; mwana wa mwenye benki, aliyeitwa Louis kama babake, alifungwa kambini mwaka 1934 akiwa kijana mdogo, na baadaye akakimbilia Uingereza. Mwishoni mwa 1935 Reiniger na mumewe waliondoka. Hakuna nchi iliyowapa kibali cha kudumu. Kwa miaka kadhaa walihama kati ya Uingereza, Ufaransa na Italia, wakati mwingine wakitenganishwa na visa zao, wakikaa mahali hadi muda uishe kisha wakihamia kwingine. Mjini London alitengeneza filamu fupi kwa ajili ya idara ya posta, ikiwemo moja ya mwaka 1938 iliyotumia muziki wa Rossini uliopangwa na Benjamin Britten. Nchini Ufaransa, Renoir alimtia katika filamu yake kuhusu mapinduzi ya Ufaransa, pale penye mchezo wa vivuli. Msanii ambaye zana yake ni meza ya kioo, taa na rundo la vikaragosi hawezi kuhama kwa wepesi wa mwandishi mwenye kalamu. Nadhani sababu kubwa ya kutokuwapo filamu ndefu ya pili ni hii, kuliko uhaba wa mawazo.

Vita vilipopamba moto walikuwa Italia, karibu na Renoir na Luchino Visconti. Renoir alipoondoka, Koch ndiye aliyeikamilisha filamu ya Tosca iliyotoka mwaka 1941. Baadaye walirejea Berlin, kwa kuwa mamake Reiniger alikuwa mgonjwa na hakuwa na mwingine wa kumtunza. Huko akatakiwa kufanya kazi ya filamu ya ngano ya bata bukini wa dhahabu, katika jiji lililokuwa likipigwa mabomu usiku na mchana. Mwaka 1945, katika mapigano ya mwisho ya Berlin, negativu asilia ya Visa vya Mwanamfalme Achmed iliangamia.

Mwaka 1949 walihamia London, na kuanzia 1953 wakaungana na Louis Hagen yule mwana, aliyekuwa amewahi kuwatazama wakifanya kazi juu ya gereji ya babake alipokuwa mtoto. Kampuni yao, Primrose Productions, ilitengeneza zaidi ya ngano 10 fupi kwa ajili ya televisheni katika muda wa miaka michache tu: Cinderella kwa mara nyingine, mrembo aliyelala, Aladdin, Paka Mwenye Viatu na nyinginezo. Ile ya mshonaji shujaa ilishinda tuzo huko Venice mwaka 1955. Ni kasi inayoshangaza kwa watu wachache waliokuwa wakisogeza kila kiungo kwa mkono.

Tukichukue kisa cha Paka Mwenye Viatu, ambacho Reiniger alikishughulikia mara mbili, mwaka 1935 na tena katika miaka ya 1950. Maskini anarithi paka tu; paka huyo kwa ujanja wake anamzulia bwana wake jina la kifalme, anamtafutia mke na jumba la kifahari. Msomaji wa Kiswahili ataitambua mara moja hadithi ya Sultani Darai, iliyochapishwa katika mkusanyiko wa Edward Steere wa mwaka 1870 kutoka Zanzibar, ambamo maskini mchakura jaani anamnunua paa, naye paa anamfanyia hayo hayo na kumtwalia nyumba ya nyoka mwenye vichwa saba. Tofauti iko mwishoni. Paka wa Ulaya hula raha na bwana wake. Paa wa Zanzibar hulipwa dharau na kufa kwa unyonge. Laiti Reiniger angekutana na kisa chetu! Mikono yake iliyojua kuinamisha shingo ya mnyama ingekuwa na kazi kubwa kwenye kile kifo cha paa.

Hapa ndipo ninaporudi kwenye swali la mwanzo. Wako wanaozihesabu filamu hizi za televisheni kuwa ni mteremko, kazi za kujikimu baada ya kilele cha 1926. Mtazamo huu haunishangazi, kwa sababu katika uhakiki wetu pia riwaya huketi kitini na hadithi fupi huketi mkekani. Mwandishi mwenye mikusanyiko mitano ya hadithi fupi bado huulizwa lini ataandika kitabu. Lakini ngano kwa maumbile yake ni fupi. Haitaki dakika 65. Katika dakika 10 za Paka Mwenye Viatu hakuna tendo la ziada wala pambo lisilo na kazi, ilhali katika Achmed, nathubutu kusema, zimo sehemu ambapo msuko unalegea kwa sababu ngano tatu zimelazimishwa kukaa nyumba moja. Kwa hiyo sikubali kwamba Reiniger aliporomoka. Alirudi kwenye urefu unaoifaa hadithi yake. Hilo, hata hivyo, halifuti ukweli kwamba hakupewa hiari. Hakuna aliyejitokeza tena na ukanda wa filamu na miaka mitatu ya utulivu.

Halifuti pia ukweli kuhusu sifa. Filamu ya Snow White ya Walt Disney, iliyotoka mwaka 1937, ilitangazwa na kukumbukwa na wengi kana kwamba ndiyo iliyouanzisha uhuishaji mrefu, ingawa Achmed ilikuwa imeitangulia kwa miaka 11. Ule mtambo wa Disney wa kupanga picha kwenye tabaka kadhaa za kioo ili kuleta kina ulisifiwa sana, ilhali Reiniger na wenzake walikuwa wametumia tabaka za kioo Potsdam mapema katika miaka ya 1920. Disney alikuwa na mamia ya wafanyakazi na idara ya matangazo.

Koch alifariki mwaka 1963. Reiniger aliuweka mkasi chini kwa miaka mingi. Mwaka 1970 alichapisha kitabu kuhusu michezo ya vivuli na filamu za vivuli, ambamo anaeleza historia ya sanaa hiyo na kumfundisha msomaji wa kawaida namna ya kujitengenezea meza na vikaragosi vyake mwenyewe, bila kuficha siri yoyote. Ujerumani ilimkumbuka kwa tuzo ya heshima ya filamu mwaka 1972, kisha nishani ya taifa mwaka 1979. Shirika la Taifa la Filamu la Kanada lilimwalika akatengeneza Aucassin na Nicolette katikati ya miaka ya 1970, akiwa na zaidi ya miaka 75, na mwaka 1979 akatengeneza Waridi na Pete huko huko Kanada. Filamu yake ya mwisho, kuhusu majira manne ya mwaka, aliifanya mwaka 1980. Alifariki tarehe 19 Juni 1981 katika kijiji cha Dettenhausen, karibu na Tübingen, na vikaragosi vyake vingi vimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la mji huo.

Kuhusu Achmed, nakala moja yenye rangi zake za asili ilikuwa imesalia katika hifadhi ya filamu mjini London. Kutokana na nakala hiyo, wataalamu wa jumba la makumbusho ya filamu la Frankfurt waliifufua mwishoni mwa miaka ya 1990, na muziki wa Zeller ukarekodiwa upya.